Fundo Kiunoni mwa Keren

Kila Jumamosi Keren aliamka kabla mama yake hajarudi kutoka zamu ya usiku, akachemsha chai, kisha akakimbilia uwanja ulio nyuma ya kituo cha treni cha Harrow. Msichana huyu wa miaka kumi na tatu alikuwa na wazimu wa futiboli ya Kimarekani, ile ya watoto isiyo na kuangushana. Mpira hubebwa mikononi hadi mstari wa mwisho; kila mchezaji huvaa utepe kwenye mkanda wa kiunoni, na mpinzani akiuchomoa, mbio zako zimekwisha.

Kocha mkuu wa timu yake, Papa Aristide, yaani Baba Aristide, Mkongo mwenye sauti ya kengele, aliwahi kuwa msaidizi katika timu za kulipwa huko Marekani. Watoto walipenda kumchokoza ili awasimulie.

"Kule kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake hufungasha pamoja naye," aliwaambia. "Nimehama miji minne. Binti yangu alibadilisha shule mpaka akaacha kutafuta marafiki."

Wiki ya fainali, Keren alimsikia Bwana Hemal, mwenyekiti wa klabu, akimwambia kocha, "Tumeshindwa miaka miwili mfululizo. Safari hii ukishindwa, nitatafuta mwingine."

Keren alimkumbuka yule binti asiye na marafiki. Papa Aristide ahame tena? Hata kidogo! Siku ya fainali Keren alijifungia chooni, akaupiga utepe wake fundo gumu kwenye mkanda ili usichomoke.

Timu zilikuwa sare hadi dakika za mwisho. Keren akaudaka mpira, akatoka mbio. Poonam, beki wa timu ya Edgware, aliushika utepe na kuuvuta kwa nguvu. Haukutoka. Poonam akaanguka, na mwamuzi, aliyekuwa nyuma, hakuona kitu. Keren akavuka mstari wa mwisho, uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Kazi ni yako, ndugu yangu!" Bwana Hemal alimwambia kocha, akimpa mkono.

Lakini Poonam alikuwa amekaa chini, anakitazama kiganja chake chekundu kana kwamba kosa ni la vidole vyake. Furaha ya Keren ikageuka shubiri.

"Papa Aristide," alisema, machozi yakimlengalenga, "nilipiga fundo. Sikutaka ufukuzwe."

Kocha aliliangalia lile fundo, akashusha pumzi. Kisha akamshika mkono wakaenda kwa mwamuzi.

"Alama hizo si zetu," alisema. "Utepe ulifungwa fundo. Mimi ndiye kocha mkuu, kosa la timu ni langu."

Alama zikafutwa, Edgware wakapewa mpira, wakafunga na kushinda.

"Nisamehe," Keren alimwambia Poonam.

"Nilidhani sina nguvu," Poonam alijibu, kisha akampa mkono, ule ule uliochubuka.

Keren akamgeukia Bwana Hemal, akingoja hukumu. Mzee huyo alikuna kidevu.

"Aristide, nilisema nitatafuta mwingine," alisema. "Lakini mjukuu wangu anaanza mazoezi Jumamosi. Nataka umfundishe wewe."

Keren alilia kwa furaha bila kujificha.

"Mwanangu," kocha alimwambia wakikusanya mipira, "kufukuzwa nimeshazoea. Kila nilipofukuzwa niliondoka na jina safi, ndiyo maana nilipata kazi nyingine. Ukimpenda mtu, usimpe ushindi wa wizi."

"Ndiyo, Papa."

"Basi Jumamosi utawavalisha wadogo tepe zao. Nami nitakagua viuno vyote, nikianza na chako."