Kikapu cha Molly

Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya gwaride, sisi wa Gredi ya Saba tulichuma chai katika shamba la shule yetu, karibu na Sosiot. Majani mawili na chipukizi, basi. Aliyechanganya majani magumu alifutwa kwenye orodha ya safari. Sheria hiyo tuliipitisha wenyewe, tukaiandika katika katiba ya darasa na kuibandika ukutani. Mimi, Tecla, nilikuwa rais wa darasa, na cheo kilikuwa kimenipanda kichwani.

Alhamisi moja nilipindua kikapu cha Molly, majani magumu yakamwagika. Alipotaka kusema, nikamwambia anyamaze. Hapo hapo nikalifuta jina lake kwenye safari ya Bomet, tulikokuwa tukienda kuona bunge la kaunti. Molly alikuwa ameingoja safari hiyo tangu Januari. Alilia mpaka mapumziko, nami, bila haya, nikajiona shujaa.

Kiptum, yule mpenda ubishi wa dawati la nyuma, aliniuliza kama nilikuwa nimesahau kifungu cha nne. Lo, nilikuwa nimekiandika kwa mkono wangu! Anayeshtakiwa asikilizwe kwanza, na waamuzi watatu ndio waamue, si rais.

"Lakini rais ni mimi," nikamjibu kwa hasira.

Mwalimu Rodah alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakunikemea. Aliwaita tu waamuzi, Molly akapewa nafasi. Alieleza kwamba mvua ilipoanza, wadogo wa Gredi ya Nne, waliokuwa wakijifunza kuchuma, walimwaga majani yao katika kikapu kilichokuwa karibu, wakakimbilia darasani. Kikapu hicho kilikuwa chake. Wadogo wakaulizwa, wakakubali. Jina la Molly likarudishwa.

Nilidhani yameisha. Kumbe kifungu cha tano kilisema anayevunja katiba, hata awe rais, naye afike mbele ya waamuzi. Nilisimama palepale aliposimama Molly.

"Tecla," mwamuzi mmoja akasema, "tunakusikiliza."

Machozi yakanitoka. Nafasi niliyomnyima mwenzangu, mimi nilipewa. Nikakiri kosa, nikamwomba Molly msamaha. Waamuzi wakanisimamisha urais kwa mwezi mmoja.

Baadaye Mwalimu Rodah aliniketisha kando yake. "Katiba humlinda mnyonge," akasema, "na humwekea mipaka mwenye mamlaka. Leo umekuwa wote wawili. Usisahau."

Siku ya safari, Molly aliniwekea kiti kando yake.