Sindano Kumi na Mbili

Kila jioni, akitoka shule, Kijiti alipitia kwanza kwa bibi yake kumtilia uzi kwenye sindano. Bibi alikuwa fundi wa kushona kwa mkono: vifungo, mapindo ya sketi, viraka vya magotini. Tangu babu afariki, aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo.

"Macho yamenichezea shere, mke mwenzangu," Bibi alimtania mjukuu wake. "Tundu la sindano silioni hata ulifanye kubwa kama mlango."

Basi Kijiti alitia uzi sindano kumi na mbili za kazi ya kesho, akazichomeka kwenye kimto. Bibi naye alipiga soga bila kupumua, hadi jua likazama.

Kwa ajili ya sindano hizo Kijiti aliacha mpira wa pete. Mwalimu wa michezo alimtaka awe mfungaji, maana urefu alijaliwa. Alipokataa, wenzake walimtania: "Mwacheni, kaposwa na sindano." Alicheka nao, lakini moyoni aliumia.

Siku moja alisahau daftari kwa Bibi. Aliporudi kulichukua asubuhi, mlango ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa ameketi dirishani, akichomoa uzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine. Zote zilipobaki tupu, akachukua moja, akaitia uzi kwa mara moja tu, akaanza kushona kifungo.

"Bibi."

Bibi akajichoma kidole.

"Kumbe unaona."

"Naona," alisema Bibi polepole. "Macho yaliniuma kweli, mjukuu wangu. Yalipona miezi mitatu iliyopita."

"Miezi mitatu! Na mimi nikaacha timu."

"Timu gani? Sikujua."

"Hukuuliza." Kijiti alichukua daftari lake, akaondoka bila kuaga.

Siku tatu hakukanyaga kwa Bibi. Mama alipomuuliza, alimsimulia yote, kisha akasema, "Si ana macho? Ajitilie mwenyewe."

Mama hakumgombeza. "Amekukosea, sikatai. Lakini jiulize, mtu mzima anachomoaje nyuzi zake mwenyewe kila siku? Anatafuta nini?"

Siku ya nne Kijiti alirudi uwanjani. Mwalimu alimwambia nafasi yake imeshachukuliwa, aanze kama mchezaji wa akiba. Akaketi pembeni.

Mara akamwona Bibi akija, kigoda mkono mmoja, kikapu cha kushonea mkono wa pili. Kijiti akageuza uso.

"Sikuja kukuchukua," alisema Bibi, akiketi. "Mama yako kaniambia uko hapa, nimekuja kukuomba radhi. Nilikudanganya. Mle chumbani, mchana kutwa nasikia saa ya ukutani tu. Nikahofu nikisema nimepona, hutakuja tena."

"Ungesema tu, 'Njoo tukae.'"

"Niliona haya. Nilidhani mtoto haji kwa mzee asipotumwa kazi."

"Ningekuja," alisema Kijiti, na machozi yakamtoka. "Sasa sijui lipi la kweli na lipi la uongo."

"Ni haki yako. Uaminifu ni kama pindo: kufumua ni mara moja, kushona ni tundu kwa tundu. Nitashona."

Wakati huo mfungaji akaja mbio, sketi imefumuka kiunoni. "Bibi, nisaidie, mchezo unaanza."

Kijiti akanyoosha mkono kuchukua sindano, kwa mazoea. Bibi akatikisa kichwa. Akaitia uzi mwenyewe, mara moja, mbele ya macho ya mjukuu wake.

Tangu hapo, siku za mazoezi Bibi huja uwanjani na kigoda chake, na wasichana humzunguka kwa vifungo na porojo. Siku nyingine Kijiti huenda kwake, bila kazi yoyote.

"Upweke si aibu, wajukuu zangu," Bibi huwaambia. "Ukikubana, sema. Anayekupenda hahitaji kudanganywa ndipo aje."