Laini ya Pili ya Tabita

Taa ya kadi ya akiba ilikuwa ya kijani. Ilipaswa kuwa ya njano, ya kusubiri.

Mbonile aliitazama kwa muda. Katika kituo kile kidogo cha simu pale Vwawa, yeye ndiye aliyepanga kila kadi ya mtambo iwe na mwenzake. Moja inafanya kazi. Ya pili inakaa kando, macho, inasikiliza kila kinachopita kwenye ile kuu na kukihifadhi, ili ile kuu ikizimika, ya akiba ishike kazi na mpigaji asijue kuna aliyeondoka.

Tabita alipougua, Mbonile alipanga hivyo hivyo nyumbani. Alivuta laini mbili hadi kitandani kwa mkewe, moja kwenye nguzo za barabara kuu, nyingine kwa kupitia kanisani, ili nguzo ikianguka bado amsikie. Tabita alifariki wakati wa mavuno ya kahawa, laini zote mbili zikiwa nzima. Baada ya matanga Mbonile alikata laini kuu. Kwenye ile ya pili mkono ulimgomea.

Taa ya kijani ilikuwa ya laini hiyo.

Alichomeka simu ya majaribio. Harufu ya maua ya kahawa ikamjia, na msimu wa maua ulikuwa bado mbali. Kikasikika kikohozi kidogo, kile cha Tabita kabla ya kusema.

"Mwenzangu. Umeshakula?"

Hakuna aliyemwuliza hivyo tangu wageni wa msiba waondoke.

"Bado," akajibu, akaketi sakafuni.

Ikawa hivyo kila mchana. Alimshukuru Mungu katika sala, lakini hakuthubutu kumwuliza kama ni Yeye aliyetuma.

Danford, fundi mwenzake, alianza kwa utani. "Umepata mchumba Tunduma nini? Unaongea kuliko wabadilisha kwacha wa mpakani." Kisha akachukua simu, akasikiliza, na utani ukamwisha.

"Ng'oa hiyo kadi," alinong'ona. "Shemeji tumemzika. Mimi nilibeba jeneza."

"Anajua kila kitu, Danford. Nyimbo zake, dawa zake."

"Anajua vilivyopita kwenye waya. Mwulize ambacho hakikupita."

Mbonile alisogea mbali na simu. Akiuliza, huenda akampoteza mara ya pili. Mwishowe akashika simu kwa mikono miwili.

"Tabita, yule mtoto tuliyemzika Itumba, tulimwita nani?"

Jina hilo walilitamka mara moja tu, wodini, kwa kunong'ona. Waya ukawa kimya, ile harufu ya maua ikazidi hadi ikawa kama ya maua yaliyooza kwenye maji, kikohozi kikaanza na kukatika na kuanza tena kama mtu anayejaribu funguo nyingi kwenye kufuli moja, kisha sauti ikajibu, taratibu, na haikuwa ya Tabita, ilikuwa ya Mbonile mwenyewe: "Tulimwita nani?"

Aliing'oa kadi huku akisali kwa sauti. Wazee wa kanisa wakaja nyumbani, wakaomba chumba kwa chumba, wakauvuta ule waya hadi ukatoka wote. Usiku huo Mbonile alilala, na nyumba ilikuwa kimya kuliko siku ya mazishi.

Jioni moja alirudi kituoni kutoka kutengeneza nguzo Mlowo. Danford alikuwa amempa mgongo, simu sikioni, anacheka.

"Haya bwana, kula salama. Msalimie shemeji." Hapo akashtukia alichokisema. Akageuka, akamwona Mbonile mlangoni.

"Nani huyo?" Mbonile akauliza.

"Wewe," Danford alisema kwa sauti ndogo. "Umesema umeshafika nyumbani. Nisikusumbue."

Juu ya meza, mbali na mtambo, ile kadi iliyong'olewa ilikuwa inawaka kijani. Kutoka kwenye simu Mbonile alisikia kikohozi, vijiko, kisha sauti yake mwenyewe ikiombea chakula polepole kama alivyozoea, na mwishoni sauti mbili, yake na ya Tabita, zikaitikia, Amina.

Danford aliweka simu chini. Akanyoosha mkono, akamshika Mbonile kifundo cha mkono, akabonyeza vidole kutafuta mapigo ya moyo.

Alitafuta kwa muda mrefu.