Mizizi Iliyotazama Juu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Hana aliukuta mwili wa baba yake, Mzee Burito, katikati ya shamba lao la mtama huko Mugeta. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa jembe. Kando yake mabua kumi na moja yaliyong'olewa yalilazwa kwa safu, mizizi ikitazama juu. Upepo haukuwepo; hata hivyo punje zilidondoka kutoka kwenye masuke, moja baada ya nyingine.

"Uchawi huu," majirani walinong'ona. Kufikia saa nne walikuwa na mchawi wao: Kudura, muuza mbegu wa Manyamanyama, aliyegombana na marehemu jana yake. Polisi walimtia mahabusu kabla hajapigwa mawe.

Mpelelezi Petronila hakuogopa uchawi. Aliogopa kumfunga asiye na hatia. Alichuchumaa kando ya mabua yaliyong'olewa. Majani yake yalikuwa hayajanyauka; yaling'olewa alfajiri hiyo hiyo. Ulikuwa mtama pori, gugu linalopukutisha punje zake lenyewe. Shambani mlikuwa na aina mbili za gugu hilo: mmoja mrefu, mweusi, wenye ndevu, ambao hata mtoto huutambua, mwingine mfupi, mwekundu, pacha wa mtama halisi. Mabua yote kumi na moja yalikuwa ya pacha huyo. Hakuna bua la mtama halisi lililong'olewa kwa makosa. Viganja vya marehemu havikuwa na udongo; aliyeng'oa alikuwa mtu mwingine anayelijua gugu.

Mahabusu, alimwekea Kudura masuke mawili. "Gugu ni lipi?"

"Afande, mimi nauzaga mbegu za pakiti. Shamba naliona kwenye kalenda." Akagusa suke la mtama halisi.

Huenda alijifanya. Saa kumi alasiri Petronila alirudi shambani na Hana, pamoja na Machage, mdogo wa marehemu.

"Hana, baba alimtambuaje pacha?"

"Kwa kupapasa vifundo vya bua, vina manyoya. Alimfundisha baba mdogo tu. Mimi angenifundisha mwaka huu, shamba likiwa langu."

"Mimi sijakanyaga hapa tangu palizi ya kwanza," Machage alidakia. "Miaka ishirini nimelipalilia, halafu anampa binti wa kuolewa kesho! Iliniuma, sikatai. Lakini nimuue kaka yangu?"

Huku akisema, vidole vyake vilipapasa bua, vikaling'oa, vikakung'uta udongo, vikalilaza. Mizizi juu.

"Kwa nini juu, mzee?" Petronila aliuliza taratibu.

"Isishike tena ardhi, mvua ikinyesha..." Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ulimvizia hapa alfajiri. Kaka yako alichelewa."

Punje zilidondoka miguuni pao.

"Palikuwa na magugu, afande," Machage alisema. "Ningeyaachaje?"