Mpangaji Aliyebaki Uani

Mita ya maji ya Bi Zuwena ilikuwa inazunguka, na maji yenyewe yalikuwa yamekatwa wiki mbili.

Aliliona hilo saa sita mchana, alipokwenda kuanika kanga nyuma ya nyumba. Kimshale chekundu kilikuwa kinakwenda mbio ndani ya kioo kama chenye miadi. Akafungua bomba la uani: kavu. Akafungua la jikoni: likakohoa mara moja, likanyamaza. Akarudi kwenye mita, akaipiga kofi. Kimshale hakikujali.

"Wezi hawa," alisema. "Wananidai hata maji wasiyonipa."

Bi Zuwena alikuwa muuguzi mstaafu. Kiinua mgongo chake chote alikimaliza hapo Picha ya Ndege, Kibaha: nyumba ya vyumba vitatu aliyokaa na mdogo wake Saida, na chumba kimoja chenye bafu lake uani, cha kupangisha. Mpangaji wa mwisho alikuwa Maneno, muuza mkaa kutoka Kisarawe, kijana mpole, mwenye adabu zake. Walikubaliana apunguziwe kodi, naye alipie maji ya nyumba nzima. Kila mwezi alisema amelipa. Asubuhi moja akapakia vitu vyake kwenye kirikuu, akatokomea, akiacha ufunguo dirishani na bili ya laki tisa.

Kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya maji alikaa dada mmoja aitwaye Elinipa, mwenye sauti laini kuliko maneno yake.

"Mama, sisi mpangaji hatumjui. Tunaijua mita, na mita ina jina lako."

"Aliyeyatumia hayo maji naye ana jina!"

"Mtafute mdaiane wenyewe huko."

"Na hizi uniti za baada ya kunikatia? Nilikuwa nakunywa upepo?"

Elinipa akatazama kompyuta, akakunja uso. "Hapo itabidi tuangalie kama hujajiunganishia kinyemela."

Bi Zuwena alipiga kaunta mpaka mlinzi akasogea. "Njooni mchimbe! Mkikuta bomba la wizi nifungeni. Msipolikuta, mtanieleza hapa hapa!"

Kesho yake akaja fundi wa ofisi, Bernard. Alichimba mtaro mzima mpaka jasho likamchuruzika. Bomba la wizi hakulikuta. Alikuta bomba halali, alilolikata na kuliziba vizuri yeye mwenyewe wiki mbili nyuma. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba. Kidogo kidogo uso ukambadilika.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu anaoga kwenye kile chumba?"

"Hakuna mtu. Kimefungwa."

"Anaoga. Tena anaimba." Akasimama, akaokota jembe, akaondoka bila kufukia mtaro wala kuaga.

Hapo ndipo Bi Zuwena naye aliposikia: maji yanachotwa, yanamwagwa, kimya, yanachotwa, yanamwagwa, kimya, kama mtu ajimwagiaye kwa kopo bila haraka. Mwingine angekimbilia kwa majirani, lakini yeye hasira zilimtangulia, akachukua ufunguo akavuka ua huku akitukana ofisi na wapangaji wote wa dunia, akafungua mlango, akapita chumba kilichokuwa kikavu kitupu, na kadiri alivyokaribia bafu ndivyo harufu ilivyomzidi, harufu ya marashi ya waridi iliyochanganyika na tope la mtoni, mpaka akasukuma mlango wa bafu na kukuta pipa la bluu alilosahau Maneno limejaa hadi mdomoni, hakuna mtu, hakuna kopo, na uso wa yale maji unapanda na kushuka taratibu, unapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akatia kidole. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama mwili.

Akalipindua pipa kwa mguu. Maji yakaingia kwenye tundu la sakafu kwa mlio mrefu, mlio wa mtu anayesonya. Alasiri alipochungulia, pipa lilikuwa limesimama, limejaa.

Huenda angeendelea kupigana nalo peke yake, lakini siku ya tatu alimkuta Saida bafuni, ameinama, mdomo ndani ya pipa, anakunywa kama ng'ombe. Alimvuta kwa nguvu. Tangu hapo Saida alikunywa ndoo kwa ndoo na akazidi kukauka. Midomo ikapasuka. Ngozi ya mkono ukiifinya, ilibaki imesimama. Hospitali walimtundikia dripu nne, vipimo vyote vikawa safi, na Bi Zuwena, aliyetibu wagonjwa miaka thelathini, alitazama maji yale yakiingia kwa mdogo wake na hakujua yanakwenda wapi.

Siku waliyorudi nyumbani, saa sita kamili, Saida akakaa kitandani. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito na ya mbali.

"Mwenye nyumba. Wakati umefika. Niogeshe."

Bi Zuwena hakungoja kesho. Alimwacha Saida na jirani, akaenda Maneromango, kwao mama yake, kwa mganga waliyemwita Bi Zuleha. Bibi huyo alinusa kanga ya Saida aliyoletewa, akaiweka chini upesi.

"Huyu hakuja kwako, mwanangu. Kaachwa kwako. Nikimfukuza mimi, atarudi. Aliyemleta ndiye amwite."

"Aliyemleta namjua," alisema Bi Zuwena. "Na leo atanijua."

Yeye na Bi Zuleha waliulizia mpaka wakamkuta Maneno kijijini Chole, huko huko Kisarawe, nyumbani kwa mama yake, Bi Mwamvita. Bibi huyo alikuwa anabangua korosho barazani. Aliwapokea kwa furaha, akawaletea mikeka, hajui lolote. Maneno alipomwona mwenye nyumba wake alitaka kupita nyuma ya kibanda. Bi Zuwena akamwahi.

"Sema."

"Mama, taratibu, mama yangu asisikie." Akamvuta nyuma ya kibanda. "Nilimtoa kwenye chemchemi ya huku kwetu. Mkaa ulikuwa hauuziki. Akasema ataniletea wateja, nami nimwogeshe kila saa sita. Wateja wakaja kweli. Lakini pipa moja likawa mawili, mawili yakawa kumi. Bili ikanishinda."

"Ukaniachia mimi."

Maneno akatazama chini. "Mpangaji anaweza kuhama, mama. Wewe una nyumba. Nilijua hutakimbia."

Kofi alilopigwa lilisikika mpaka barazani.

Kesho yake mchana walikuwa wote Picha ya Ndege. Bi Zuleha alifukiza ubani uani, Saida amelazwa kwenye mkeka, mwepesi kama gunia tupu, na Maneno amesimama mlangoni pa kile chumba. Saa sita ilipogonga, harufu ya waridi na tope ikawajaa puani, na Saida akafumbua macho.

"Nani huyu mlangoni?" ikauliza ile sauti.

Maneno akafungua kinywa. "Si... simjui," alinong'ona.

Bi Zuwena akamkamata ukosi wa shati. "Unamkana mbele yangu? Mdogo wangu anakufa, nawe unamkana? Sema, Maneno! Mara moja katika maisha yako chukua kilicho chako!"

Maneno akalia. "Ni mimi niliyekuleta," alisema. "Wewe ni wangu. Twende."

Pipa likapiga kishindo ndani ya bafu. Saida akatapika maji, mengi, meupe, kuliko tumbo lolote liwezavyo kubeba, kisha akalala, na kwa mara ya kwanza akatoa jasho. Bi Zuleha akachota dumu moja kwenye pipa, akalifunika kitambaa cheupe, akamtwika Maneno alirudishe chemchemini. Asigeuke nyuma. Asimwitikie yeyote. Jioni Bi Zuleha, aliyemfuata kwa mbali, akapiga simu: dumu limemwagwa, na Maneno ameshika njia ya kwao.

Saida alipona. Deni halikupona. Bi Zuwena aliandika barua, akabishana wiki tatu, mwisho akauza friji na cherehani akalipa, maana mgonjwa hakai nyumba isiyo na maji. Elinipa aligonga muhuri, akatabasamu. "Asante kwa ushirikiano, mama."

Neno hilo lilimuunguza kuliko yote. Kesho yake, stakabadhi ikiwa ndani ya pochi, alipanda bodaboda hadi Chole kumdai Maneno mpaka shilingi ya mwisho.

Alikuta mlango wa Bi Mwamvita umefungwa mchana kweupe.

"Shikamoo, mama. Ni Zuwena wa Kibaha."

"Marahaba. Ingia upesi, ukomee."

Ndani, mitungi yote ilikuwa imepinduliwa chini juu. Bi Mwamvita alikuwa amekonda, midomo yake mikavu.

"Namtaka Maneno, mama."

"Hata mimi namtaka. Tangu mlipoondoka naye hajarudi." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Kila saa sita kinakuja kitu hapo nje. Sauti ni yake. Kikohozi ni chake. Lakini mwanangu tangu aanze kusema hajawahi kunipita bila shikamoo. Huyu haamkii. Anaomba maji tu."

Bi Zuwena alitafuta hasira aliyokuja nayo kutoka Kibaha, hakuipata. Nje, nyayo zilikuwa zinakuja, nyayo zenye maji, chwa, chwa, chwa, zikasimama kizingitini.

"Hodi."

Bi Mwamvita akamkamata mkono. "Usiitike," alisema kwa midomo bila sauti. "Ukiitika umempokea."

Wakakaa. Harufu ya waridi ikapenya chini ya mlango.

"Mwenye nyumba yupo?" iliuliza sauti ya Maneno.

Kitu kikagusa mbao polepole kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayenusa.

"Aa," ikasema kwa furaha. "Kumbe mpo wawili."