Kwenda Masaa Matatu, Kurudi Lisaa Limoja

"Mkwe, hebu tueleze sisi tusiojua. Huko angani mtu hukaa muda gani?" shangazi aliuliza.

Bwana harusi mtarajiwa, muuza simu aliyejiita Injinia, aliweka shingo sawa kama waziri anayesubiri kamera. Harusi ilikuwa Jumamosi. Juzi tu alikuwa amerudi kutoka kozi ya siku tatu nje ya nchi, kwa tiketi aliyokatiwa na mchumba wake mwenyewe, karani wa tiketi za ndege.

"Kwenda masaa matatu, shangazi. Tuliondoka saa nne, tukatua saa saba. Kurudi lisaa limoja tu! Saa nane hadi saa tisa."

"Makubwa! Njia ile ile?"

"Upepo, shangazi. Ulikuwa unatusukuma kwa nyuma."

Mchumba wake alikuwa akimimina chai. Birika likaganda hewani.

"Rudia," alisema.

"Nini, mpenzi?"

"Huo upepo. Urudie."

Injinia akacheka peke yake.

"Kutoka uwanja wetu hadi ule," mchumba wake alisema, "ni kilomita elfu moja na mia tano. Ndege hutumia masaa mawili kwenda, mawili kurudi. Saa za kule ziko mbele yetu kwa lisaa limoja, ndiyo maana tiketi inasomeka hivyo. Aliyepanda ndege anajua, maana akitua hurekebisha saa yake. Wewe umefanya hesabu ya kutoa, tena ya darasa la pili!"

"Usinidhalilishe mbele ya wakubwa."

"Uliniandikia, 'Nimetua salama, mpenzi. Huku baridi.' Nikajilaumu kwa nini sikukufungia sweta! Baridi ya shuka la nani? Lete simu."

"Simu ni siri ya mtu..."

"Mpe," shangazi alisema taratibu, akivua kiatu kimoja.

Simu ikatolewa. Binti akapekua simu za siku ile ya safari.

"Saa tano, ukiwa mawinguni, umeongea na 'Fundi Bomba' dakika arobaini. Bomba gani lilipasuka huko juu?"

Akabonyeza kupiga, akaweka sauti ya nje.

"Mume wangu," sauti ya kike ikadeka, "shati lako limekauka. Hao wa chai hawajakuachia tu?"

Hata birika liliona aibu.

"Fundi," binti alijibu, "mteja wako yuko njiani. Huku harudi."

Injinia akapiga magoti. "Nisamehe! Jumamosi watu wanakuja!"

"Waje. Nitawaambia bwana harusi bado yuko angani." Akavua pete, akaitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai. "Sasa sikiliza. Kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua sita. Muda wa safari, sekunde nne. Na upepo..."

Akamtazama shangazi, aliyekwisha kusimama na kiatu mkononi.

"...utakusukuma kwa nyuma."

Injinia alitumia sekunde mbili.