Tofali za Kichuguu cha Nsemulwa

Jua lilikuwa linazama Makoye alipotoka kwenda kufunga milango ya fremu zake mpya pale Nsemulwa. Fremu saba, bati linang'aa. Mwaka ule wa tisini na sita aliuza ng'ombe wote aliotoka nao Usukumani, akanunua vile vibanda vichakavu vya maduka, akavibomoa, akajenga upya. Wapangaji walikuwa waingie kesho yake. Watu wakamsifu, wakasema huyu ndiye mwanaume.

Lakini moyo wa mwanaume haukuwa kwenye maduka. Tangu wahamie chumba cha uani, kilichojengwa kwa tofali zilezile za fremu, mkewe Minza alikaukiwa maziwa. Kakauka kabisa, kama hajawahi kuzaa. Mtoto wao Kija, wa miezi mitatu, alikuwa amebaki macho tu. Maziwa ya ng'ombe anatapika, uji anatapika. Zahanati walisema mama ale vizuri. Mama alikuwa anakula.

Akafunga mlango wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

Harufu.

Siyo ya saruji, siyo ya rangi. Harufu ya kitanda cha mzazi... maziwa ya mama yaliyochachia nguoni. Akapeleka mkono ukutani. Ukuta ulikuwa umelowa, na majimaji yenyewe ya uvuguvugu. Akatega sikio.

Nyu... nyu... nyu...

Ndani ya tofali.

Alirudi kinyumenyume mpaka akamgonga Bibi Capitoline, aliyekuwa akipita na sufuria zake. Bibi huyu aliuza uji kwenye vile vibanda vya zamani miaka na miaka. Makoye alimtengea fremu, akaikataa bila kusema sababu. Jioni hiyo bibi hakushtuka hata kidogo. Alitua mzigo, akauliza kwa sauti ya chini kama wameshaanza kulia au bado wananyonya tu.

"Kina nani, bibi?"

"Nyie Wasukuma mkiona kichuguu mnaona tofali."

Kweli, udongo aliuchimba kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya vibanda. Udongo mzuri, unashika. Bibi akamweleza taratibu kwamba zamani vitoto vilivyokufa kabla ya kuota meno vilizikwa mle, maana mchwa huziba shimo wenyewe, mama asione mahali pa kulilia. Kila jioni mama alikwenda akakikamulia kichuguu maziwa, mpaka kifua kikauke chenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulituma mtu aniambie nihamishe sufuria zangu." Akaupapasa ukuta kama anayetafuta kitu gizani. "Wangu wawili wamo humu. Sijui tofali lipi."

Makoye hakuaga. Angezibomoa fremu zote jioni ileile, kwa mikono yake, ng'ombe waliokwenda na waende. Akabeba nyundo iliyoachwa na mafundi, akakimbilia uani kwanza, amtoe mke na mtoto.

Chumbani hapakuwa na taa. Kija alilala kitandani peke yake, ananyonya ngumi, hana hata sauti ya kulia.

Minza alikuwa amepiga magoti kwenye kona, kifua wazi, amejibandika ukutani. Anabembeleza kwa wimbo mwembamba wa kwao. Makoye akamshika bega.

Hakugeuka.

"Weka nyundo chini, Baba Kija," akanong'ona. "Utawaamsha. Wengine bado hawajashiba."